Maswali na Majibu: Wahindu na Mkuu Wanayetafutiwa

Je, Aga Khan ndiye kiongozi wa Wahindu wote? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Aga Khan ni Imamu wa Waislamu wa Ismailia. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Mhindi ni mtu wa asili ya India; Mhindu ni mfuasi wa dini. Bohora, Kalasinga na Mgoa ni Wahindi, lakini si Wahindu. Tafadhali tenganisheni maneno hayo kabla ya kuandika.

Basi mkuu wao ni nani? Wakatoliki wana Papa. (Msomaji, Mombasa)

Hawana, na hawajawahi kuwa naye. Mwanafunzi hupokea mafundisho kwa guru wake, yaani mwalimu wake wa dini, guru naye alipokea kwa wake, na mnyororo huo ndio mamlaka. Wanaokaribia ukuu ni Mashankaracharya, wakuu wa nyumba za watawa zenye viti vinne huko India: Sringeri, Puri, Dwarka na Jyotirmath. Hata hao hawasikilizwi na kila Mhindu, na kiti cha Jyotirmath kimegombewa mahakamani kwa miongo mingi.

Hekalu la Rama, mmoja wa miungu ya Wahindu, lilipowekwa wakfu Ayodhya, India, tarehe 22 Januari 2024, Waziri Mkuu Modi akiwa mbele, wote wanne hawakuwapo. Baadhi yao walisema wazi kuwa haifai kuweka wakfu hekalu ambalo ujenzi wake haujakwisha. Shughuli iliendelea. Jihadharini na mwanasiasa anayejitolea kuwa msemaji wa dini isiyo na msemaji. Wenye elimu yao huwa wa kwanza kusukumwa kando.

Watu wenye migongano hivyo watakuwaje wamoja? (Msomaji, Arusha)

Tazama Kumbh Mela, mkusanyiko mkubwa wa Wahindu wanaokwenda kuoga katika mito mitakatifu ya India. Masadhu, yaani watawa wa Kihindu, wana akhara (vikundi vyao) 13: saba za mungu Shiva, tatu za mungu Vishnu, na tatu za madhehebu ya Udasin na Nirmala, walio karibu na mafundisho ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Makalasinga. Mwaka 1760 huko Haridwar, watu wa Shiva na wa Vishnu walipigana wakauana. Ugomvi wa nani aingie mtoni kwanza ni wa kale. Leo kila akhara ina saa yake ya kuoga, na tangu 1954 zina baraza lao. Kwenye Kumbh Mela ya mji wa Nashik walitenganishwa kabisa: wa Vishnu huoga mjini, wa Shiva huenda Trimbak, mwendo wa kilomita 30 hivi. Hakuna aliyelazimishwa kubadili mungu wake wala guru wake. Walikubaliana zamu, basi. Umoja wa namna hiyo nauheshimu kuliko ule wa majukwaani.

Kwa nini mahekalu ya Swaminarayan ya Nairobi yasiungane? (Msomaji, Nairobi)

Mwanzilishi mwenyewe, Swaminarayan, aliigawa jumuiya yake mwaka 1826, upande wa Ahmedabad na upande wa Vadtal. BAPS, kundi jingine la wafuasi wake, wakajitenga 1907. Penye jambo la serikali, Wahindu wa Kenya wana baraza lao. Ya ibada waachieni wenyewe.

Nimempata guru mtandaoni. Nimfuate? (Msomaji, Dodoma)

Muulize guru wake ni nani. Akishindwa kumtaja, achana naye; na akiomba pesa kabla ya somo la kwanza, usitume.