Kuuzima Mchakato wa Gradle Unaobaki Nyuma

Wanaoanza kutengeneza programu za Android hushangaa kuona kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 ikizidi kulemewa hata baada ya ujenzi wa mradi kukamilika. Tangu toleo la 3.0, Gradle, zana inayojenga mradi kwa kugeuza msimbo wake kuwa programu, huacha mchakato mmoja (uitwao daemon) ukiwa hai ili ujenzi unaofuata usilazimike kuiwasha Java upya, na mchakato huo usipopata kazi hujizima wenyewe baada ya saa 3. Utaratibu huo una faida kubwa, kwa hiyo usijizoeze kuuzima kila unapomaliza kujenga. Utakuwa unajicheleweshea kazi bure.

Ikibidi kuuzima, ingia kwenye folda ya mradi kupitia terminali, uandike kwanza ./gradlew --status. Utaona namba ya kila mchakato na hali yake: IDLE maana yake umetulia, BUSY maana yake kuna ujenzi unaoendelea, na ukiuzima wakati huo ujenzi utakatika. Ukisharidhika, andika ./gradlew --stop.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Amri zote mbili hushughulikia toleo lile tu la Gradle linalotumiwa na mradi uliomo, hivyo unaweza kujibiwa kwamba hakuna kinachoendelea ilhali mradi mwingine, wenye toleo la zamani, bado umeshikilia kumbukumbu. Andika jps, amri inayokuja pamoja na JDK (kifurushi cha zana za kutengenezea programu za Java), na kila mstari wenye neno GradleDaemon utakuonyesha namba ya mchakato uliosalia. Nenda ukauzime kwa --stop kutoka kwenye mradi wake. Amri ya kill pamoja na namba hiyo iwe njia ya mwisho. Na tafadhali, killall java uiache kabisa, kwa sababu itaangusha kila programu ya Java, pamoja na seva uliyoiwasha kwa majaribio.

Ukikuta michakato miwili ya toleo moja, mara nyingi Android Studio, programu unayoandikia msimbo, inatumia JDK yake na terminali inatumia ile iliyotajwa kwenye JAVA_HOME, mpangilio wa kompyuta unaoonyesha JDK ilipo. Gradle haiwezi kutumia mchakato mmoja kwa Java mbili tofauti, basi huwasha wa pili. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya Gradle ndani ya Android Studio na kuchagua JDK ile ile ya terminali, kisha kuzima yote miwili mara moja.