Mbwa anatii akiona chakula tu
Unasema anakaa chini pale tu anapoona kipande cha nyama mkononi. Huyo si mkaidi. Amejifunza kwamba nyama yenyewe ndiyo amri. Zawadi inatakiwa ifuate tendo, isilitangulie.

Weka vipande mfukoni au kwenye bakuli nyuma yako. Toa amri mara moja, mkono mtupu. Makalio yakigusa tu chini, sema "ndiyo!" hapohapo, halafu ndipo mkono uende mfukoni. Neno hilo litoke ndani ya sekunde moja hivi. Ukichelewa akawa ameshasimama, umemlipa kwa kusimama, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Kipande kiwe kidogo kama punje ya harage, laini, cha kumeza upesi. Dakika 3 hadi 5 kwa kipindi zinatosha. Punguza pia mlo wake wa siku kulingana na ulichompa, asije akanenepa.

Akipatia kama mara 8 kati ya 10, anza kulipa bila mpangilio: lipa, ruka mbili, lipa tena. Usikate ghafla, ataacha. Nje kwenye kelele rudi kulipa kila mara, tena kwa kitu kitamu zaidi, maana kwake hilo ni somo jipya. Akikataa hata chakula anachokipenda sana, mara nyingi ana hofu au yuko karibu mno na kinachomsumbua. Msogeze mbali kwanza, usirudierudie amri.