Uliza Mpima: Mahame ya bibi yapo kwenye ramani

SWALI: Shikamoo mzee. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa mahali ambapo leo ni pori, huku Kongwa, kabla watu hawajahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa wakati wa Operesheni Dodoma. Jina la mahali hapo hulitaja kila mara, lakini leo hakuna kijiji wala kitongoji chenye jina hilo. Amezeeka na miguu haimruhusu kwenda mbali. Anasema pia kwamba alipokuwa binti aliona garimoshi likifika Kongwa, na wajukuu humcheka kwa kuwa hapa hakuna reli. Nimesikia zipo ramani za zamani zinazoonyesha mpaka nyumba za watu. Je, naweza kupapata alipozaliwa?
Mjukuu, Kongwa

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Nianze na garimoshi, maana sipendi bibi achekwe hata siku moja zaidi. Garimoshi lilifika Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Maeneo yalikuwa matatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na Kongwa ndiyo waliyoianza. Reli ya tawi ikajengwa kutoka Msagali, kwenye Reli ya Kati, ili kuleta matrekta, mafuta na chakula cha wafanyakazi. Lakini mvua ya Ugogo haiaminiki, na ule udongo wenu ukishapigwa na jua baada ya mvua hauingiliki kwa jembe la trekta. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, ikafuta hasara ya zaidi ya paundi milioni 36. Tawi la reli nalo likaja kung'olewa. Kwa hiyo wajukuu wakae chini wamsikilize: aliliona wapi, lilisimama wapi, nani walishuka. Maswali hayo yatakusaidia kwenye ramani, utaona hapa chini.

Ramani unayoitafuta ni ya topografia, yaani inayoonyesha sura ya nchi, skeli 1:50,000. Hapo sentimita moja kwenye karatasi ni mita 500 ardhini, na karatasi moja inafunika eneo la kilomita 27 na ushei kila upande. Zilichorwa kwa picha zilizopigwa kutoka ndegeni. Kazi kubwa ilifanywa na ofisi ya Uingereza iliyoanzishwa 1946 chini ya Martin Hotine, ambayo baadaye ilijulikana kama Directorate of Overseas Surveys, ikishirikiana na idara ya upimaji ya hapa nyumbani.

Ukiipata karatasi ya eneo lenu, usikimbilie katikati kutafuta jina. Anzia pambizoni, kule chini, palipoandikwa picha zilipigwa mwaka gani na ramani ilichapwa mwaka gani. Ushike mwaka wa picha. Karatasi inaweza kuchapwa miaka mingi baada ya ndege kupita, na hapo ndipo penye bahati yako. Watu wa Dodoma walianza kuhamishwa 1970. Agizo la nchi nzima lilitoka Novemba 1973, kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe anaishi kijijini. Picha ikiwa imepigwa kabla ya 1970, basi unaiona Ugogo aliyozaliwa bibi: kaya moja hapa, nyingine ng'ambo ya korongo, na njia za miguu zikiziunganisha. Ikiwa ya baadaye, utakuta vidoti vya nyumba vimejipanga mistari pembeni ya barabara, na kule kwingine karatasi nyeupe. Tafuta toleo la nyuma zaidi.

Vidoti vyeusi ndizo nyumba. Mistari ya kahawia ni kontua, yaani inayounganisha mahali penye kimo kimoja, ya bluu ni maji, ile ya vipande vipande ni njia za miguu. Vifupisho ni vya Kiingereza: BH ni kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, WH ni dimbwi la maji, Sch ni shule. Yote yameelezwa kwenye ufunguo wa ramani, usome kabla ya kuanza kubuni.

Lakini kuna jambo moja la Ugogo ambalo ufunguo hautakwambia. Tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo, lina paa bapa la udongo, na udongo ule ni uleule wa ardhini. Mchoraji aliyekuwa mezani na stereoskopu yake, kifaa cha kutazamia picha mbili zinazopishana ili miinuko ionekane, hakuwa na bati linalong'aa wala paa la nyasi lenye ncha la kumwonyesha kwamba hapa pana nyumba. Alichokiona ni kivuli chembamba cha ukuta na umbo la mraba lenye zizi katikati. Tembe lililokuwa dogo, au lililopigwa picha jua likiwa utosini, linaweza kumpita. Kwa hiyo usipoona kidoti, usihitimishe kwamba hapakuwa na mtu. Tazama njia za miguu. Njia tatu zikikutana mahali pasipo na kitu, jiulize zilikuwa zinakwenda kwa nani.

Sasa kaa na bibi. Usimuulize "kwenu kulikuwa wapi?", atakutajia lile jina tu nawe utabaki palepale. Muulize maji mlikuwa mnachota wapi, na mkienda kuchota jua la asubuhi liliwapiga usoni au mgongoni. Milima ya Kiboriani mliionaje kutoka mlangoni, na mlima upi uliufunika mwingine? Ng'ombe walinyweshwa korongo lipi, na kiangazi mlihamia kisima gani? Ukienda kuliona garimoshi ulitoka nyumbani saa ngapi, ukafika jua likiwa wapi? Mtoto anayechunga anaijua nchi yake kwa miguu, na kumbukumbu hiyo hudumu hata majina ya watu yakishasahaulika. Mrekodi kwa simu, na mwache aongee Kigogo, usimlazimishe Kiswahili.

Kila jibu lake ni mstari. Weka karatasi ya tresing, ile nyembamba inayopitisha mwanga, juu ya ramani, uchore. Akisema walitembea asubuhi nzima kufika relini, huo ni upinde mpana kuizunguka njia ya reli. Akisema kilima fulani kilikuwa machweo, mahali penyewe ni mashariki ya kilima hicho. Akisema korongo lilikuwa karibu kiasi cha kusikia vyura, basi ni mita mia kadhaa, milimita chache kwenye karatasi. Mistari mitatu au minne ikipita penye vidoti vilevile, umepakaribia sana. Kisha mtafute mzee mwingine wa rika lake, umuulize peke yake kabla hajaongea na bibi. Wakipatana juu ya kisima, wewe funga viatu.

Nenda kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka, na uende na mtu wa kijiji anayelifahamu pori lile. Tembe likianguka na kunyeshewa huacha tuta la chini la udongo lenye pembe, usilidhanie ni kichuguu. Tafuta mawe ya kusagia, mafiga, na vigae vya vyungu. Palipokuwa zizi, mbolea ya miaka mingi huifanya nyasi iote tofauti na ya pembeni yake, nene zaidi na yenye kukawia kukauka. Ukikuta makaburi usichimbe wala usisogeze jiwe. Piga picha, ukamwonyeshe bibi.

Na nikwambie hili mapema, maana najua linakoelekea. Usiende na ramani kudai shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika wakati wa operesheni kati ya 1970 na 1977, na ramani ya topografia haina mamlaka juu ya mpaka wa shamba la mtu. Huenda mahame yenu leo ni shamba la familia nyingine ambayo nayo ililetwa pale bila kuulizwa. Bisha hodi, jitambulishe kwa mwenyekiti, eleza kwamba umekuja kutafuta alipozaliwa bibi. Watu wengi watakusaidia, na wengine watakwambia wao pia wanatafuta kwao.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilichukua namba za gridi kwenye ramani ya zamani nikaziingiza kwenye simu, ili niwapeleke wanafunzi kwenye kisima cha zamani. Simu ilitupeleka kwenye shamba la mtama lisilo na kisima. Ramani ina kosa?
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Ramani haina kosa, Mwalimu, na simu yako pia haina. Zinahesabu dunia kwa namna mbili. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya mfumo unaoitwa Arc 1960, wakati simu hutumia WGS 84 wa setilaiti. Kwa hapa kwetu tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiingiza namba za ramani moja kwa moja, simu itakusimamisha takriban mita 300 kaskazini ya mahali penyewe, na kidogo magharibi yake, chini ya mita 100. Rudi pale shambani, tembea mita 300 kusini na karibu 90 mashariki, kisha anza kutafuta. Kumbuka pia kwamba namba ya gridi ya tarakimu sita hukuweka ndani ya mraba wa mita 100 tu, kwa hiyo wapange wanafunzi mstari mmoja wapite wakitazama chini.

Programu nyingi za ramani zina sehemu ya kuchagua mfumo. Ukiikuta Arc 1960, ichague na tatizo limekwisha. Na kama unaiweka ramani iliyoskaniwa juu ya picha za setilaiti, ibane kwenye vitu visivyohama: makutano ya makorongo, mahali reli inapovuka mto, na bikoni za wapima, yaani nguzo za upimaji, juu ya vilima, zile zenye alama ya pembetatu na nukta kwenye ramani. Barabara usizibanie, zimehamishwa sana. Wala kingo za mito ya mchanga, maana mvua kubwa za mwaka mmoja zinatosha kuzisogeza.

Kwa wanafunzi wako ningeongeza zoezi moja. Wachukue ramani ya Wajerumani ya Deutsch-Ostafrika, skeli 1:300,000, iliyoandaliwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapwa Berlin, wailinganishe na hii ya 1:50,000. Mpwapwa wataikuta imeandikwa Mpapua. Wataona pia kitu kinachofundisha zaidi ya majina. Ramani ile iliunganishwa kutokana na safari za watu waliotembea na dira na saa mkononi, wakiandika wanachokiona kushoto na kulia. Penye njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, vijiji, visima na majina ya majumbe yamejazana. Ukitoka pembeni ya njia, karatasi inabaki tupu. Waulize kama kweli kule hakukuwa na watu, au ni msafiri tu hakupita. Jina la kijiji likionekana mahali pengine kwenye ramani ya baadaye, waulize wazee kabla ya kusema Mjerumani alikosea. Vijiji vingi viliitwa kwa jina la jumbe, na jumbe akihama, jina lilihama naye.

SWALI: Ramani hizi zinapatikana wapi na kwa njia gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Anza na Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Nenda na namba ya karatasi, usiende na jina la kijiji peke yake. Ramani za 1:50,000 zina namba, mkwaju, kisha namba ya robo, kwa mfano 186/4, na mpangilio wake upo kwenye mchoro wa faharasa. Halmashauri, mashirika ya misheni na vyuo navyo huwa na karatasi za zamani zilizokunjwa kabatini bila mtu kuzigusa, kwa hiyo uliza. Mtandaoni, maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas kule Austin imeweka ramani nyingi za kale za nchi mbalimbali, na unazipakua bure. Ukizitaka picha zenyewe za ndege, mkusanyiko wa Directorate of Overseas Surveys umehifadhiwa Edinburgh, kwenye hifadhi ya taifa ya picha za anga. Wao hutoza gharama, basi hakikisha kwanza unajua mwaka na eneo.

Ukiazimwa karatasi ya zamani usiikunje upya. Wino hukatika penye mikunjo, na ni ajabu mara ngapi mkunjo hupita juu ya jina unalolitafuta. Itandaze juu ya meza, iskani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, na uskani pambizo zote nne pamoja na ufunguo. Watu hukata pambizo ili faili lipungue uzito, na mwaka wa picha unapotea hapo hapo.