Usigawe mwangaza wa pikseli ukadhani umepata asidi iliyobaki

Mleta uzi, simama hapo hapo. Unataka kupiga picha za MRI, picha za sumaku kama zile za hospitali, ndani ya mrija ambamo mmenyuko unaendelea, na umeuliza mambo manne: utumie mfuatano gani wa pulsi (mapigo ya mawimbi ya redio yanayoamsha ishara), mrija uwe na upana gani, utaupashaje joto, na kama nikeli itakuharibia picha. Halafu mwishoni ukachomekea, kama vile si kitu, kwamba utagawa mwangaza wa kila pikseli kwa mwangaza wa mwanzo ili upate asidi iliyobaki. Mimi nilizikwa kwenye sentensi hiyo.

Mmenyuko wangu ulikuwa huo huo wako. Methanoli na asidi asetiki zinapita kwenye mrija uliojaa punje za rezini yenye asidi (plastiki yenye vitundu, ndiyo kichocheo), upande wa pili yanatoka methili asetati, ambayo ni esta, na maji. Nikapiga picha za mwangwi wa spini, aina ya MRI ambayo unatuma pulsi, unangoja kidogo, kisha unasoma ishara inayorudi kama mwangwi. Aisee, zilipendeza! Kimiminika kilicho kati ya punje kinang'aa, ndani ya punje giza. Nikatangaza kwa kifua mbele kwamba asidi haipenyi, kwamba kazi yote inafanyika juu ya ngozi ya punje. Nikaagiza punje ndogo zaidi. Sasa, kwa mtiririko wa polepole, ukipunguza kipenyo cha punje kwa nusu, shinikizo la kusukumia kimiminika kile kile linapanda karibu mara nne. Pampu ikalia, viungo vikavuja, mrija ukabadilishwa, fedha ikaisha. Na picha mpya? Giza lile lile, ila limekatwa vipande vidogo.

Muda wote huo kromatografu (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali) ya pale kimiminika kinapotokea ilikuwa inasema esta ni nyingi kuliko ambayo ngozi ya punje peke yake ingeweza kutoa. Nikailaumu kromatografu. (Ilikuwa imechakaa kweli, msinicheke.)

Kilichoniumbua ni jaribio la kitoto: punje zile zile, methanoli tupu, bila joto, bila asidi asetiki. Hakuna cha kumenyuka humo. Ndani ya punje bado giza! Wakati rezini imevimba kwa methanoli iliyoinywa.

Tatizo ni T2, yaani muda unaoonyesha ishara inafifia haraka kiasi gani baada ya pulsi. Kimiminika huru kinaweza kuwa na T2 ya sekunde nzima, lakini kikibanwa kwenye vitundu vya punje inaporomoka hadi milisekunde chache au makumi. Piga hesabu: muda wa mwangwi (kutoka pulsi hadi kusoma ishara) ukiwa milisekunde 20, kimiminika chenye T2 ya sekunde 1 kinabakiwa na asilimia 98 ya ishara yake. Chenye T2 ya milisekunde 10 kinabakiwa na asilimia 14 hivi. Kiasi ni kile kile, mwangaza mmoja ni mara saba ya mwingine. Nilikuwa napima T2 kwa gharama kubwa kuliko binadamu yeyote, na sikujua kama naipima.

T1, yaani muda unaoonyesha viini vinarudisha usumaku wao haraka kiasi gani, nayo ina yake. Ukirudia pulsi kabla ya kungoja kama mara tano ya T1, ishara haijarudi yote, na kila kemikali inarudi kwa kasi yake. Tena kimiminika kinachotembea kinahitaji muda ndani ya sumaku kabla hakijafika kwenye koili inayosoma ishara: kikienda sentimita 1 kwa sekunde na T1 ni sekunde 2, kinataka sentimita 10 za maandalizi. Na ukipasha joto kutoka nyuzi 25 hadi 150, usumaku wa viini wenyewe unashuka karibu asilimia 30, hata kama hakuna molekuli iliyobadilika.

Aliyenipoteza ni fundi aliyekuja kutufungia mashine. Maneno yake: "Ishara ni idadi ya viini vya hidrojeni, hakuna uchawi." Kweli kabisa, ukiwa unapiga picha chupa ya maji! Akaondoka na begi lake, mimi nikabaki na imani. Na wale wanaochapisha picha za rangi bila kutaja muda wa mwangwi popote, nao nina neno nao.

Kwa hiyo kabla hujagusa picha yoyote: loweka punje kwenye kila kimiminika kimoja kimoja, kisha kwenye michanganyiko yao, pima T1 na T2 ndani ya mrija huo huo. Vile visivyomenyuka vyenyewe, vipime kwenye joto lile lile la kazi. Usipime kwenye tyubu ya maabara halafu ukabandika namba kwenye mrija.

Utaambiwa ukimbilie mhamo wa kikemia wa kilele cha OH, yaani mahali ishara ya hidrojeni za OH inapokaa kwenye mizani ya masafa, inayosomwa kwa ppm (sehemu kwa milioni). Njia nzuri, Cambridge waliitumia kwa mmenyuko wa aina hii: protoni (viini vya hidrojeni) za OH za asidi, methanoli na maji zinabadilishana haraka, zinatoa kilele kimoja kinachosogea kadiri mchanganyiko unavyobadilika. Lakini ndani ya rezini protoni za asidi ya rezini yenyewe zinaingilia kati na kilele kinasukumwa kwenye ppm za juu. Jedwali la kilele na mchanganyiko ulilolipima kwenye tyubu halifai humo ndani. Umeona? Tumerudi pale pale, pima ndani ya punje.

Nikeli ikiwa metali ni ferosumaku, inavuruga uga sumaku pande zote. Picha za mwangwi wa gradienti, ambazo hazifuti mvurugo huo kama zinavyofanya za mwangwi wa spini, sahau.

Weka hapa T2 mbili, ya nje na ya ndani ya punje, pamoja na muda wako wa mwangwi. Upana wa mrija na joto waje wengine wakujibu, mimi bila hizo namba siendelei.