Smuthi ya nanasi kuwa chungu: kabla hujanunua blenda nyingine

Dada mleta mada, nimesoma maelezo yako yote na nimepitia majibu ya wadau. Umesema asubuhi unasaga nanasi, papai na maziwa, unajaza kwenye chupa za watoto za shule, na jioni chupa zinarudi zimejaa kwa sababu wanasema ni chungu. Umesema pia inatoka nyepesi, kwa hiyo unaongeza sukari na asali, na sasa umepanga kununua blenda ya bei kubwa. Hiyo pesa ishike kwanza. Blenda yako haina kosa.

Nimefanya kazi kwenye banda la juisi Magomeni, Dar es Salaam, kwa miaka, na siku hizi nasaga nyumbani kwa ajili ya familia, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu. Nitaandika kirefu kidogo, maana naona wengi humu wanapoteza matunda mazuri bure.

Tuanze na uchungu. Nanasi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelini, na papai lina cha kwake, papeini. Vyote viwili kazi yao ni kuvunjavunja protini. Kila anayechoma mishikaki anajua papai bichi linavyolainisha nyama ngumu. Ni kazi ileile. Sasa ukisaga nanasi na maziwa, protini ya maziwa nayo inavunjwa, na vile vipande vinavyobaki ndivyo vyenye uchungu. Smuthi ikimiminwa tu kutoka kwenye jagi inakuwa tamu. Ikikaa nusu saa uchungu unaanza kujitokeza, na watoto wakifika mapumziko shuleni hainyweki tena. Friji inachelewesha tu, haizuii. Kugandisha nanasi nako hakukiui hicho kimeng'enya. Kinachokiua ni moto.

Ukitaka kuhakikisha, saga kidogo leo jioni, mimina glasi mbili, moja kunywa papo hapo na nyingine iache mezani. Rudi baada ya saa moja uonje. Utaona na maziwa yenyewe yameanza kujitenga, juu povu na chini maji.

Kuna mdau kashauri utumie mtindi badala ya maziwa. Namheshimu, lakini mtindi ni maziwa yaleyale na protini yake ni ileile. Ukichanganywa na nanasi bichi na kuachwa ukae, nao utakuwa mchungu.

Kwa smuthi ya kunywa nyumbani una njia mbili. Ya kwanza, chemsha vipande vya nanasi na maji kidogo sana, dakika tano vikitokota kweli, viache vipoe kabisa, ndipo uvisage na maziwa. Harufu ya nanasi inapungua kidogo na ule mwasho wa ulimi unaondoka, lakini maziwa yatatulia. Ya pili, ambayo mimi ndiyo naipenda, ni kuachana na maziwa na kutumia tui la nazi. Tui lina protini kidogo, lina mafuta ya kutosha kuipa smuthi uzito, na ladha ya nazi inakubaliana na nanasi kuliko kitu kingine chochote. Chukua nazi iliyokomaa, si dafu wala koroma, ikune, tia maji vuguvugu yaliyokwisha kuchemshwa, kiasi cha kulowanisha tu, kisha kamua. Tui zito la mkamuo wa kwanza ndilo la smuthi. La pili peleka kwenye wali. Ila kumbuka tui halivumilii joto, kwa hiyo lililokamuliwa asubuhi lisikae mezani mpaka mchana.

Sasa wepesi. Hapa ndipo napishana na wote waliosema ongeza barafu. Barafu ni maji. Unaisaga, inayeyuka, tunda linazama ndani ya maji, ladha inapotea, halafu unatafuta sukari kuirudisha ladha uliyoiua mwenyewe. Kinachotakiwa kuwa baridi ni tunda lenyewe. Ukigandisha vipande vya embe, ndizi na nanasi, vyenyewe ndivyo vinakuwa barafu yako, na smuthi inatoka nzito bila sukari na bila barafu ya maji. Jambo hili moja, ukilishika, yote mengine ni nyongeza.

Namna ya kugandisha ina adabu yake. Ndizi imenye kwanza. Ukiigandisha na ganda lake, ganda linakuwa jeusi, linagandamana na nyama, na utakwangua kwa kisu mpaka uchoke. Kata vipande vya unene wa kidole, vitandaze kwenye sinia visigusane, weka kwenye friza mpaka viwe vigumu, ndipo uvihamishie kwenye kopo. Ukivirundika vikiwa bado laini vitashikana vyote kuwa donge moja, na donge hilo ndilo linalounguza mota za blenda. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku hapa Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mimi hutumia makopo yenye mfuniko unaobana, na kila kopo nalipima litoshe kusaga mara moja. Asubuhi huna habari ya kumenya wala kukata.

Hii inakusaidia pia kwenye bei. Huku Pwani embe zinamiminika kuanzia Novemba hadi Januari, na wakati huo ndoo nzima unaipata kwa bei ambayo Juni usingeamini. Nunua, menya, gandisha. Ndizi mbivu zilizoanza madoa ya kahawia, zile ambazo wauzaji pale soko la ndizi la Mabibo, linaloitwa Mahakama ya Ndizi, wanataka ziondoke siku hiyohiyo, ndizo tamu kuliko zote kwa smuthi, kwa sababu wanga wake umeshageuka sukari. Usiogope madoa. Ogopa ndizi yenye harufu ya pombe.

Nanasi ni jingine. Ndizi na embe ukinunua hazijaiva vizuri zitaivia ndani, lakini nanasi likishakatwa shambani utamu wake hauongezeki. Linaweza kulainika na kugeuka rangi ndani ya jikoni yako, ila sukari ni ileile lililotoka nayo. Kwa hiyo usichague kwa rangi. Ligeuze, linuse chini pale lilipokatwa. Likinukia nanasi, chukua. Halinukii kitu, liache, hata kama muuzaji anaapa ni la Kiwangwa, kule Bagamoyo kunakosifika kwa mananasi. Likinukia kama limeanza kuchacha, liache pia. Ukilimenya, ondoa macho yote na toa kile kiini kigumu cha katikati, maana kinabaki chembechembe kwenye smuthi na watoto hawakipendi.

Pasheni zichague zilizokunjamana ngozi. Zile nyororo zinazong'aa bado ni kali. Na tafadhali usitupe pasheni na mbegu zake kwenye blenda ukaiacha isage dakika nzima. Visu vinapasua zile mbegu nyeusi, unapata vichembe kama mchanga na ladha inaharibika. Weka maji ya pasheni yakiwa na mbegu zake, pamoja na robo kikombe cha maji ya kunywa, bonyeza washa-zima mara mbili tatu ili utando uachane na mbegu, chuja, osha jagi, ndipo uendelee na matunda mengine. Embe za kienyeji zenye nyuzi nyingi nazo zinataka kuchujwa. Dodo lililoiva vizuri halina haja.

Smuthi ninayoitengeneza mara nyingi kwangu, inayotoa glasi tatu, ni hii. Vikombe viwili vya embe dodo lililogandishwa, ndizi moja ya mtwike (au kisukari mbili tatu ukizipata, ni tamu zaidi), maji ya pasheni tatu yaliyochujwa kama nilivyosema, kipande cha tangawizi kidogo kuliko ncha ya kidole gumba, na nusu kikombe cha maji ya kunywa. Hakuna sukari. Pasheni ndiyo inayobeba kila kitu hapo, kwa sababu embe na ndizi vikiwa peke yao vinakuwa na utamu mzito unaochosha baada ya mafunda mawili. Smuthi yoyote isiyo na kitu kichachu, iwe pasheni, ndimu au ukwaju, itakuchosha. Ukiwa huna pasheni, kamulia ndimu nusu.

Ya nanasi: vikombe viwili vya nanasi lililogandishwa, kikombe kimoja cha papai, nusu kikombe cha tui zito, ndimu kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ndiyo, chumvi. Onja kabla na baada ya kuitia utaelewa. Papai lipe ndimu siku zote, bila hiyo linabaki limepooza. Na mbegu za papai zitoe zote, zina ukali kama haradali.

Kwa wasio na friza, kuna wadau wawili wameuliza humu, tumieni parachichi. Nusu ya parachichi kubwa inatosha kufanya jagi zima liwe zito bila kugandisha chochote. Parachichi na pasheni, bila maziwa, ni mchanganyiko ambao pale bandani ulikuwa haufiki saa nane mchana umekwisha. Uchachu wa pasheni unachelewesha parachichi kugeuka rangi ya kahawia. Tia maji yaliyopoezwa kwenye mtungi, kunywa hapohapo. Barafu za kununua mtaani sizishauri, kwa sababu hujui maji yake yametoka wapi, na kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Kama unatumia maziwa ya kupimiwa mtaani, yachemshe mpaka yapande, uyapoze, ndipo yaingie kwenye blenda.

Kuhusu blenda yako. Maji au tui kwanza chini, kisha matunda laini, yaliyogandishwa juu. Wengi wanafanya kinyume, wanatupa magumu chini, visu vinazunguka kwenye hewa, wanadhani mashine imekufa. Washa sekunde thelathini, zima, koroga kwa mwiko ikiwa imezimwa, washa tena. Ukisikia harufu ya kuungua au ukigusa kitako ukaona kina moto, ipumzishe. Matunda yakiwa magumu kama jiwe, yaache nje dakika tano kabla ya kusaga. Halafu fungua kile kitako cha visu uvue ule mpira wa duara uliopo chini. Kama hujawahi kuuvua, utakuta utando wa kijani au mweusi umeganda kwenye mfereji wake. Hayo ni mabaki ya matunda ya zamani na yanaharibu harufu ya kila unachosaga. Uoshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, uukaushe, uurudishe. Ufanye hivyo kila siku unayosaga.

Jambo ambalo sikutaka lipite: umeandika kwamba mtoto wako mdogo wa miezi kumi naye unampa smuthi, na kwamba unatia asali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya porini, hata kijiko kimoja, hata kama imechanganywa na kitu kingine. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauna nguvu ya kuzizuia, na ugonjwa huo unalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Huyo mpondee embe au ndizi kwa uma, inamtosha.

Kwa wakubwa, asali nayo ihesabu kama sukari. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na asali na ile iliyomo kwenye juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku. Kwa mtu mzima wa wastani hiyo ni kama gramu 50, vijiko 12 vya chai. Ukijumlisha chai ya asubuhi, soda na maandazi, umeshafika. Mwenye kisukari nyumbani apewe glasi ndogo, yenye parachichi zaidi na ndizi kidogo, tena pamoja na chakula.

Sasa chupa za shule, maana hapo ndipo ulipoanzia. Usipeleke yenye maziwa wala tui, joto la darasani litaiharibu. Peleka ile ya embe na pasheni. Isage usiku, jaza chupa robo tatu tu kwa sababu inavimba ikiganda, ilaze kwenye friza, na asubuhi mtoto aitoe ikiwa jiwe na kuifunga kwa taulo ndogo. Ikifika saa nne itakuwa imeyeyuka kiasi cha kunyweka na bado ni baridi. Aitikise kabla ya kufungua. Tumia chupa ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, si ya kioo, kioo kinapasuka.