Jina kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza kama kujaza nyimbo za watu kwenye flashi za wateja kule kioski ni wizi, maana mwenye kioski anakwambia mwimbaji hapungukiwi kitu, wimbo wake bado anao. Hoja hiyo ina umri. Mwaka 1985, katika kesi ya Dowling aliyeuza santuri za Elvis Presley bila ruhusa, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba nakala zile si mali ya wizi kwa sheria aliyoshtakiwa nayo. Hatia yake ya kuvunja hakimiliki, hata hivyo, ilibaki palepale.

Mimi nawaza jina. Unajua wimbo wa arusi alioutunga mjomba wako. Siku moja aliusikia ndani ya teksibasi ya Katuba, hapa Lubumbashi, abiria wote wanaitikia, akainama kutazama kioo cha redio. Pale pa msanii palikuwa na jina la kioski na namba ya simu. Hadi leo ukiutaja wimbo ule mbele yake anabadilisha mazungumzo, nami roho inaniuma upya.

Na nafasi ya jina ipo! Faili la MP3 hubeba ndani yake lebo iitwayo ID3, maandishi yanayotaja wimbo na mwenyewe. Lebo ya ID3 ya kwanza kabisa ni baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 za wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu. Wimbo wa dakika 4 kwa kilobiti 128 kwa sekunde unakaribia megabaiti 4, kwa hiyo jina halijazi flashi ya mtu. Linapotea mtu anapochomoa sauti kwenye video, au kioski kinapoandika jina lake juu ya faili zote kwa mkupuo. Kulirudisha kwenye kompyuta ya Windows ni rahisi: bofya kulia juu ya faili, Propriétés, Détails, andika msanii, hifadhi. Ikikataa, mara nyingi wimbo bado unapigwa kwenye programu nyingine, ifunge kwanza.

Jina kwanza, nimewaambia tangu mkiwa wadogo. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, santuri zilitoka na jina lake, na wapiga gitaa wa mbali wakajua ni nani wa kumtafuta.

Utanijibu kwamba jina halileti bukari mezani. Kweli. Sheria yetu ya hakimiliki hapa Kongo, ya tarehe 5 Aprili 1986, nayo inataka ruhusa ya mwenye kazi, haitosheki na kutajwa. Basi na pesa pia? Nikisema ni wizi, nimewaita wezi vijana wengi wa mtaani wanaolisha wadogo zao. Nikisema si wizi, nitamwambia nini mjomba wako? Neno liko kwenye ulimi wangu, ila sitalitoa leo.

Muulize mwenye kioski kama atakuacha uandike wasanii wenyewe. Akikataa, nipigie kabla hujakubali kazi.

Mama yako