Jibu: Bosi wa zamani kurudi kuinunua klabu, inawezekana?

Mkuu, umeuliza kama mtendaji aliyeondoka anaweza kurudi akiwa mmiliki, ukamtaja David Dein, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Arsenal. Kwa karatasi inawezekana. Ila kisa chake ndicho kinachonifanya nisite.

Dein alinunua hisa 1983 kwa pauni 292,000, hela ambayo leo staa mmoja anaimaliza kwa wiki. Aprili 2007 akatoka bodini baada ya kuvutana na wenzake kuhusu tajiri wa Kimarekani Stan Kroenke, ambaye Dein alitaka akaribishwe. Agosti mwaka huo huo akauza hisa zake kwa pauni milioni 75 kwa Red & White, kampuni ya uwekezaji ya matajiri Alisher Usmanov na Farhad Moshiri, akawa mwenyekiti wao. Mashabiki tukasema basi, jamaa anarudi kwa mlango wa uani.

Wapi! Wakurugenzi walishawekeana mkataba wa kutouza hisa zao nje. Usmanov alifikisha karibu asilimia 30 ya hisa na hakupata hata kiti cha plastiki bodini. Dein akajitoa kwenye uenyekiti wa Red & White 2008. Na kichekesho: Kroenke aliyekataliwa ndiye waliyemuuzia 2011, kisha 2018 akanunua hadi hisa za Usmanov.

Kwa hiyo ukisikia bosi wa zamani "anaitaka" klabu, uliza pesa ni ya nani. Peter Kenyon, aliyeongoza Manchester United na Chelsea, naye alihusishwa na kuinunua Newcastle 2019. Miaka miwili baadaye wakaichukua Wasaudi.